Mwenye Heri Anuarite

1. Jina la dada yake

Watoto wa Bukavu wamezoea milima na ziwa. Asubuhi wakifungua mlango wanaona maji ya Kivu, na ng'ambo yake vilima vya Rwanda. Lakini nchi ya Kongo ni kubwa sana, wala si yote yenye milima. Mtu akitoka Bukavu akaelekea kaskazini, akapita Goma, akapita Beni, akaendelea mbele tena, huingia katika msitu mkubwa. Huko miti ni mirefu, mvua ni nyingi, na barabara zina matope mekundu. Katika nchi ile ya msitu kuna mji uitwao Wamba, na wenyeji wake ni Wabudu.

Karibu na Wamba, tarehe 29 Desemba 1939, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake Isude. Wakampa mtoto jina la Nengapeta, maana yake kwamba mali hudanganya. Nyumba ile ilipata watoto sita, na wote sita walikuwa wasichana. Nengapeta alikuwa wa nne.

Mwaka 1943 Isude alibatizwa, akaitwa Julienne. Nengapeta akabatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Alphonsine.

Ulipofika wakati wa shule, likatokea jambo la kuchekesha. Sista aliyeshika daftari la wanafunzi alikosea. Badala ya kuandika jina la mtoto mwenyewe, aliandika jina la dada yake mkubwa, Anuarite. Hakuna aliyelifuta. Tangu siku ile watu wakamwita Anuarite, na kwa jina hilo la kuazima anajulikana mpaka leo katika nchi nyingi. Hata hapa Kivu wako wasichana wanaoitwa Anuarite kwa ajili yake. Labda mmoja wao yumo katika darasa lenu.

2. Baba aondoka

Amisi, baba yake Anuarite, alikuwa askari, na kazi ya vita ilimpeleka mbali. Lakini si vita vilivyoivunja nyumba yake. Amisi alitamani mtoto wa kiume. Isude alizaa msichana, kisha msichana, kisha msichana tena. Mwisho Amisi akamwacha mke wake, akaoa mwanamke mwingine.

Fikirini uchungu wa mtoto wa kike aliyesikia habari hiyo. Baba hakuondoka kwa sababu mama alikuwa mvivu. Hakuondoka kwa sababu watoto walikuwa watukutu. Aliondoka kwa sababu watoto walikuwa wasichana. Mtoto anaweza kuacha utukutu, na anaweza kuacha uvivu. Lakini afanye nini msichana ili asiwe msichana?

Anuarite aliumia sana moyoni. Hapo angeweza kushika njia mojawapo ya mbili, na zote mbili ni mbaya. Angeweza kumchukia baba yake siku zote. Au angeweza kujichukia mwenyewe, akijiona kuwa ni mtoto asiye na faida.

Lakini katika mafundisho ya dini alisikia habari za Baba mwingine. Alifundishwa kwamba Mungu alimpenda kabla hajazaliwa. Mungu hakungoja kuona kama atazaliwa mvulana au msichana. Hakungoja kuona kama atakuwa na akili nyingi au chache, wala kama atakuwa mwema au mbaya. Alimpenda kwanza, bure, wala upendo wake hauondoki.

Jambo hili ni gumu kufahamika, kwa maana watu hawapendi hivyo. Nendeni sokoni Kadutu. Kila kitu pale kina bei yake. Fungu la sambaza lina bei, na kikapu cha mihogo kina bei. Anayeleta fedha anapewa, na asiyeleta hapewi. Watu wengi hudhani kwamba na Mungu yuko vivyo hivyo: ukileta sala nyingi na matendo mema anakupenda, na usipoleta anakufukuza. Sivyo. Upendo wa Mungu hauuzwi. Tunasali na kutenda mema kwa sababu tumekwisha kupendwa, si ili tuununue upendo huo.

Anuarite alilishika neno hili tangu utoto wake. Na kwa kuwa alijua ya kuwa Baba wa mbinguni hakumwacha, aliweza kumsamehe baba wa duniani aliyemwacha. Hiyo ndiyo samaha yake kubwa ya kwanza. Iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi.

3. Juu ya motokari

Huko Bafwabaka, katika jimbo lile la Wamba, palikuwa na nyumba ya Masista weusi wa Kongo. Shirika lao liliitwa Jamaa Takatifu. Masista hao walifundisha watoto, walilima, walipika, walitunza wagonjwa. Anuarite aliwatazama, akatamani kuwa kama wao.

Mama yake hakupenda. Msimlaumu. Isude alikuwa ameachwa na mume, naye alihitaji msaada wa binti zake. Binti akiolewa, huleta mahari na wajukuu. Akiwa Sista, haleti kitu.

Siku moja motokari ya mizigo ilifika kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda Bafwabaka kuanza maisha ya kitawa. Anuarite hakuaga. Alipanda pamoja nao, akakaa kimya kati yao. Motokari ikang'oa, ikaingia msituni, naye akaenda zake. Siku zilipita kabla mama yake hajajua mtoto yuko wapi. Isude alipopata habari, alimwacha abaki huko.

Watoto wasijifunze kutoroka nyumbani kwa kusoma habari hii. Yaliyo mema hapa ni hamu ya Anuarite, si kutoroka kwake. Watakatifu nao walikuwa watu, nao walikuwa watoto. Mungu hangoji mtu asiye na kosa ndipo amwite.

4. Sista Marie-Clémentine

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza mbele ya Kanisa. Alikuwa na miaka 19. Aliahidi kuwa maskini, kutii, na kutoolewa, ili moyo wake wote uwe wa Yezu Kristu. Akapewa jina la kitawa, Marie-Clémentine.

Msidhani kwamba tangu siku ile alikaa kanisani tu akisali. Alikuwa mtu wa kazi. Alifundisha katika shule ya msingi. Alitunza sakristia, akafua nguo za altare na kutayarisha vitu vya Misa. Aliingia jikoni akapika. Kazi ambayo wengine waliikwepa aliifanya yeye, tena kwa furaha, kwa kuwa alipenda kucheka na kuchekesha.

Lakini alikuwa na moyo wa moto. Hakupenda uvivu, wala hakupenda kuona mtu akivunja amri ya nyumba. Aliona kosa, akalisema. Mtu mkali kama huyo hupata shida ya kusamehe, kwa maana macho yake huona makosa upesi. Kwa hiyo msiseme kwamba Anuarite alisamehe kwa kuwa alizaliwa mpole. Alijifunza kusamehe, kama vile mtoto anavyojifunza kuandika, herufi kwa herufi, akifuta na kuanza tena. Alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika maneno aliyotaka kuyashika, kwanza kabisa kwamba atafute kumpendeza Yezu peke yake.

Tena, katika mfuko wa nguo yake alizoea kuchukua sanamu ndogo ya Bikira Maria. Likumbukeni jambo hili la sanamu. Tutalirudia.

5. Mwaka wa vita

Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru. Watu walicheza ngoma, wakatumaini mema. Lakini baada ya uhuru yalikuja magomvi mengi kati ya wakubwa, na katika mwaka 1964 uasi mkubwa ukawaka upande wa mashariki. Waasi wale walijiita Simba. Wengi wao walikuwa vijana, na wengine walikuwa watoto kabisa. Walikuwa na njaa na hasira. Waliambiwa kwamba wakinyunyiziwa dawa, risasi zitageuka maji. Wakaamini.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Simba walitwaa mji wa Stanleyville, ambao sasa huitwa Kisangani. Mwezi ule ule vita vilifika hapa Bukavu pia. Watu walipigana ndani ya mji, mpaka askari wa serikali, wakiongozwa na Kanali Mulamba, wakawarudisha Simba nyuma. Wazee wa Bukavu waliokuwa watoto wakati ule hawakuisahau milio ya bunduki.

Mwezi wa Novemba askari wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa ndege, na Simba wakashindwa pale. Ndipo hasira yao ikazidi. Waliwaua watu wengi, weusi kwa weupe. Tarehe 26 Novemba waliua Askofu wa Wamba, Joseph Wittebols. Tarehe 28 Novemba, huku kwetu Kivu ya Kusini, mapadri wawili, bradha mmoja na abbé mmoja waliuawa Baraka na Fizi. Majina yao ni Giovanni Didonè, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Albert Joubert. Hao nao Kanisa liliwatangaza kuwa Wenye Heri, mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Siku moja tu baada ya mauaji ya Baraka na Fizi, Simba walifika Bafwabaka.

6. Njia ya Isiro

Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Novemba 1964, mwanzo wa Majilio. Motokari ya Simba ilisimama mbele ya nyumba ya Masista. Simba walisema kwamba wamekuja kuwapeleka Wamba ili wapate usalama. Masista hawakuwa na nguvu ya kukataa. Wote wakapandishwa: wazee, vijana, na wasichana waliokuwa bado wakijifunza maisha ya kitawa. Miaka kadhaa nyuma Anuarite alipanda motokari kwa hiari yake, ili aje Bafwabaka. Sasa alipanda motokari kwa nguvu ya bunduki, ili aondoke Bafwabaka.

Usiku ule walilala Ibambi. Kesho yake mkuu mmoja wa Simba akabadili safari. Akaamuru wasiende Wamba, bali waende Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule. Njiani Simba waliwanyang'anya rozari na misalaba yao, wakavitupa. Walidhani ni hirizi. Masista wengine walilia. Lakini sala haikai katika kamba ya rozari tu. Waliendelea kusali moyoni, na vidole vyao kumi vikawa rozari.

Jioni walifika Isiro. Wakapelekwa kwenye nyumba ya mkubwa wa Simba, Kanali Ngalo. Hapo shida mpya ikaanza. Ngalo alimwona Anuarite, akamtaka awe mke wake. Akamwagiza Kanali mwingine, Pierre Olombe, amlete.

Anuarite akakataa. Alisema kwamba amekwisha kujitoa kwa Mungu, wala hawezi kuvunja ahadi yake. Mama Mkuu wa Masista, Mama Léontine Kasima, akasimama kumtetea. Simba wakamtisha na kumpiga. Hakumwacha binti yake.

Chakula kikaletwa, wali na samaki wa kopo. Masista wakala pamoja, lakini Anuarite hakuweza kumeza kitu. Moyo wake ulikuwa na hofu. Aliwaomba wenzake wamwombee. Mama Mkuu na wenzake wakamtia moyo.

Zingatieni neno hili: Anuarite aliogopa. Kumtumaini Mungu si kukosa hofu. Ni kumshika Mungu mkono wakati wa hofu.

7. Usiku wa samaha

Usiku uliendelea. Olombe akaja tena. Safari hii alimtaka Anuarite kwa ajili ya Ngalo, na Sista mwingine, Jean-Baptiste Bokuma, kwa ajili yake mwenyewe. Akawasukuma wote wawili kuelekea motokari. Masista wawili wakashindana naye, wakakataa kuingia. Olombe akashikwa na hasira kali. Akaanza kuwapiga kwa kitako cha bunduki. Sista Bokuma akavunjika mkono, akaanguka, akazimia.

Anuarite bado alikuwa amesimama. Olombe akampiga kichwani, akampiga tena. Anuarite akapepesuka. Hakukubali, wala hakutukana. Hakumwita Olombe mnyama, wala hakuomba moto ushuke juu yake. Katikati ya mapigo yale alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolitenda.

Mwajua ni nani aliyesema hivyo zamani. Yezu Kristu, alipokuwa ametundikwa msalabani, aliwaombea wale waliompigilia misumari, akamwambia Baba yake kwamba hawajui wanalolitenda. Anuarite alikuwa amesikia Injili hiyo kila mwaka tangu utoto wake. Usiku ule haikutoka tena kitabuni. Ilitoka kinywani mwake.

Tazameni vizuri samaha ile. Olombe hakuwa ametubu. Hakuwa ameomba radhi. Mkono wake ulikuwa ungali juu, unapiga. Anuarite hakungoja mpaka adui awe mwema ndipo amsamehe. Alimtendea kama Mungu alivyomtendea yeye: alipenda kwanza, bure.

Olombe akaita vijana wake, nao wakamchoma kwa singe. Kisha yeye mwenyewe akachukua bastola akampiga risasi kifuani. Masista wenzake wakambeba mpaka ndani ya nyumba walimofungwa, wakamzunguka wakisali. Ilipopita saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964, alikata roho. Zilikuwa zimebaki siku 28 atimize miaka 25.

Sista Bokuma hakufa. Yeye na wenzake waliishi, wakasimulia mambo hayo, na ndiyo maana tunayajua leo.

8. Sanamu kaburini

Anuarite alizikwa pamoja na watu wengine waliouawa, bila sanduku wala msalaba wenye jina. Vita vilipopoa, mwaka 1965, kaburi lilifunguliwa. Palikuwa na maiti nyingi. Watamjuaje ndugu yao? Walimjua kwa ile sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyozoea kuichukua. Motokari, mapigo na kaburi havikumtenga nayo. Basi wakamzika tena kwa heshima, huko Isiro.

Habari zake zikaenea, na watu wakaanza kumwomba awaombee kwa Mungu. Tarehe 15 Agosti 1985, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa. Mbele ya watu wengi mno alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata heshima hiyo. Siku yake katika Kanisa ni tarehe 1 Desemba.

Na Olombe je? Alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa gerezani. Lakini siku ile ya Kinshasa Papa hakumsahau. Katika hotuba yake alitangaza kwamba, akifuata mfano wa Anuarite, yeye naye anamsamehe muuaji yule kwa moyo wote, kwa jina la Kanisa zima. Basi samaha iliyotoka katika kinywa cha msichana mmoja, usiku, bila mtu wa kuiandika, ikasemwa tena mchana, mbele ya ulimwengu, karibu miaka 21 baadaye. Neno la chuki hufa pamoja na msemaji. Neno la samaha huendelea na safari.

9. Mambo ya kushika

Wengine watasema kwamba Anuarite alikuwa mtakatifu, na sisi ni watoto tu. Lakini habari yake ina mambo matatu ambayo hata mtoto anaweza kuyashika.

La kwanza: kusamehe si kusema kwamba ubaya ni wema. Anuarite alimwambia Olombe hapana, akashindana naye, wala hakumfuata. Mtu akitaka kukutenda ubaya, kataa, kimbia, piga kelele, mwambie mama au mwalimu. Kataa ubaya wake, lakini usimtupe mtu mwenyewe nje ya moyo wako. Mhukumu anaweza kumfunga mkosaji kwa haki, na aliyekosewa anaweza kumsamehe mtu yule yule. Haki na samaha hazigombani.

La pili: samaha kubwa huanza na samaha ndogo. Anuarite hakujifunza kusamehe usiku ule wa Isiro. Alianza zamani, kwa baba yake aliyemwacha, na kwa wenzake waliomwudhi jikoni na darasani. Leo rafiki atakuibia kalamu. Kesho mtu atakucheka kwa sababu kaptula yako ina kiraka. Ndugu yako atavunja kibuyu, na wewe utapigwa badala yake. Hapo ndipo mahali pa kujifunzia. Asiyeweza kusamehe kalamu atasamehe nini siku ya vita?

Nasi watu wa Kivu tumeona vita zaidi ya mara moja. Katika nyumba nyingi za Bukavu yuko mtu aliyepotewa na baba, au mama, au ndugu. Mtu kama huyo asilazimishwe kusamehe kwa haraka, kana kwamba anafukuzwa. Kidonda kikubwa hakiponi kwa siku moja. Lakini amwombe Mungu neema kidogo kidogo, kila siku, maana peke yake hataweza. Anuarite naye hakuweza peke yake.

La tatu ndilo mzizi wa yote: Mungu anakupenda, nawe hukumlipa kitu. Anakupenda siku uliyopata alama nzuri, na siku uliyokuwa wa mwisho. Anakupenda ukiwa mvulana, na ukiwa msichana. Anakupenda ukikaa na wazazi wako wote wawili, na ukiwa umeachwa. Ukikosa, hakufungii mlango. Anakungoja urudi. Mtoto anayejua hivyo moyoni mwake ana akiba isiyokwisha, naye anaweza kuwagawia hata wale wasiostahili. Mtungi uliojaa ndio unaomimina. Mtungi mtupu umimine nini?

Jioni hii, kabla ya kulala, fikiri mtu mmoja aliyekukosea. Taja jina lake mbele ya Mungu, umwombee mema. Kama ulimi ni mzito, mwombe Mwenye Heri Anuarite akusaidie. Yeye anajua uzito huo.

Maneno magumu

Nadhiri: ahadi mtu anayomtolea Mungu.
Mtawa: mtu aliyejitoa kwa Mungu kwa nadhiri, akaishi pamoja na wenzake.
Sakristia: chumba cha kutunzia vitu vya Misa.
Mwasi: mtu anayeshika silaha kupigana na serikali.
Singe: kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki.
Mwenye Heri: marehemu ambaye Kanisa limetangaza kwamba yuko mbinguni, na kwamba tunaweza kumwomba atuombee.

Maswali

1. Anuarite alipataje jina lake?
2. Kwa nini Amisi alimwacha Isude? Je, sababu hiyo ilikuwa ya haki?
3. Upendo wa Mungu na vitu vya soko la Kadutu vinaachana namna gani?
4. Eleza safari mbili za Anuarite katika motokari. Zilikuwa na tofauti gani?
5. Anuarite alikataa nini? Alisamehe nini? Onyesha kwamba mambo hayo mawili si kitu kimoja.
6. Ndugu zake walimtambuaje kaburini?
7. Papa alifanya nini kwa ajili ya Olombe mwaka 1985?
8. Andika mistari sita: siku niliyosamehewa bila kustahili.